Nywele za Mdoli Huanzia kwa Mbuzi

Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Waswahili wenzangu mjini Leipzig. Nimeyaandika baadaye karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Na nyinyi kaka wawili mliojibanza mlangoni kama mnaosubiri basi, karibuni mbele, hakuna atakayewasuka.

Nimekuja na midoli miwili. Huyu wa kushoto naona mmeshaanza kumcheka, kwa kuwa hana nywele na utosini ana tundu. Tafadhali msimshike bado. Kichwa chake ni cha kaure, umri wake umepita miaka 100, na si wangu. Mwenyewe kanikubalia nije naye kwa sharti moja, kwamba ndani ya treni nimpakate. Nimempakata. Abiria aliyekaa mbele yangu alihama kiti.

Mimi ni msusi. Nilianza Tanga nikiwa binti, kwenye kigoda barazani kwa shangazi. Nilipokuja huku nikaendelea sebuleni kwangu: rasta, twende kilioni, kushonea wigi, chochote mteja alichotaka. Kwenye midoli sikuingia kwa mpango. Jirani yangu ni fundi wa kutengeneza midoli ya zamani iliyovunjika. Wajerumani mtu kama huyo humwita daktari wa midoli, na huyu wangu kweli huvaa koti jeupe. Siku moja alinikuta ngazini ninamsuka mtoto, akasimama akatazama mpaka nikamaliza mstari wa nne. Kisha akaniuliza kama naweza kusuka kichwa kidogo kuliko hicho. Nikamjibu kwa kiburi cha msusi: kidogo kiasi utakacho. Mungu alikuwa anasikiliza.

Niwaeleze kwanza kwa nini kazi hii iko huku. Thuringia, hapo jirani, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya midoli ya kaure ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mji wa Waltershausen alikuwepo Kestner, mwenye kiwanda cha midoli. Gräfenhain walikuwepo Simon & Halbig, waliosifika kwa vichwa. Sonneberg ulikuwa mji mzima unaokula na kulala kwa vichezeo vya watoto, na makumbusho yake ya vichezeo yapo tangu 1901. Kule Ufaransa wenzao walikuwa akina Jumeau na Bru. Kwa hiyo mtu wa huku akifungua dari la nyumba ya bibi yake aliyefariki, si ajabu akakuta mdoli ndani ya sanduku, nywele zimeliwa na nondo.

Tundu hili mnaloliona halikutobolewa na mtoto mtundu. Kichwa cha kaure kilifinyangwa kikiwa wazi juu, ili fundi apate pa kupitishia vidole na kuweka macho ya kioo. Yale macho yanayofumba mdoli akilazwa yana kipande cha madini ya risasi kwa nyuma, na uzito huo ndio unaoyavuta. Macho yakishakaa sawa, tundu hufunikwa. Wafaransa walitumia gome la kizibo, lilelile la vizibo vya chupa za mvinyo. Kestner alipenda plasta. Wengine walikata kadibodi. Wajerumani wana neno lao, ila mimi kifuniko hicho nakiita utosi. Mama yeyote aliyewahi kupapasa kichwa cha mtoto mchanga na kuhisi pale panapodunda hahitaji maelezo zaidi. Juu ya utosi ndipo wigi hugandishwa.

Sasa mtazameni uso wake. Ni wa kahawia. Ndiyo, walitengeneza. Midoli mingi ya kahawia ya zama zile ni sura ya Kizungu iliyotiwa rangi tu, lakini Simon & Halbig walitoa vichwa vilivyochongwa midomo na pua ya mtu mweusi, na huyu ni mmojawapo. Alipoletwa karakana, mtu fulani, sijui miaka mingapi nyuma, alikuwa amemvika wigi la nailoni: singa, la kahawia, linang'aa kama mfuko wa plastiki. Jirani yangu akaniambia: huyu ni wako.

Nikafanya ambalo msusi yeyote angelifanya. Nilikuwa na nywele zangu mwenyewe nilizozikata, kipilipili safi. Nikazishona moja moja kwenye kofia ndogo ya kitambaa, siku nne nzima. Nikamvika. Jamani, alikuwa kama amewekewa fagio la chelewa kichwani. Nywele zilikuwa za kweli, za mtu mweusi, rangi yenyewe, kila kitu sawa, na bado jicho lilikataa.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kosa lilikuwa la hesabu. Kichwa cha mtu mzima mzunguko wake ni kama sentimita 56. Kichwa cha huyu ni sentimita 20. Yaani amepunguzwa karibu mara tatu: macho, midomo, masikio, vyote vimepunguzwa. Mimi nikamwekea nywele ambazo hazikupunguzwa. Unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70, wengine zaidi, wengine chini ya hapo. Mikroni ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Ukiugawa unywele huo kwa kadiri ileile uliyogawa kichwa, unapata mikroni 25. Hakuna binadamu mwenye nywele za mikroni 25 isipokuwa labda kichanga. Na kipilipili changu nacho, nilikipima kwa rula, kila duara lina upana wa milimita 4. Kwa huyu lilitakiwa liwe milimita moja na nusu. Nilikuwa nimemvika kichwa cha mtu mwingine.

Hapo ndipo anapoingia mbuzi.

Si mbuzi wetu. Mbuzi wa kwetu unamjua: manyoya mafupi, makavu, akinyeshewa ananuka. Na kondoo wa Kimasai naye ana manyoya tu, hana sufu ya kushika mkononi. Ninayemsema ni mbuzi wa Angora, na Angora ndiyo Ankara ya leo, Uturuki. Anafunikwa na vishungi virefu vinavyoning'inia kama mtu aliyetoka kufungua rasta. Manyoya yake ndiyo moheri. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, mukhayyar, maana yake kilichochaguliwa. Mnaojua Kiarabu kidogo mmeshasikia: ni mzizi uleule uliotupa sisi heri na hiari. Nilipoligundua hilo nilifurahi peke yangu jikoni kama mwehu.

Kwa muda mrefu Waturuki walimng'ang'ania mbuzi huyo. Afrika Kusini husimuliwa kwamba 1838 walipelekewa madume kumi na mawili na jike mmoja, na madume yote yalikuwa yameharibiwa kabla ya safari yasiweze kuzalisha. Biashara ingekufa bandarini. Lakini yule jike alikuwa na mimba, akazaa dume njiani. Leo nchi inayotoa moheri nyingi kuliko zote duniani ni Afrika Kusini, hasa Karoo upande wa Rasi ya Mashariki, na nyuma yake iko Lesotho. Kwa hiyo midoli ya Kijerumani ninayoitengeneza sasa inavaa nywele za Kiafrika, ingawa za mbuzi.

Mbuzi huyu hunyolewa mara mbili kwa mwaka, na kwa miezi sita manyoya yanakuwa yamefika sentimita 12 hivi, wakati mwingine na zaidi. Manyoya ya kunyolewa mara ya kwanza, akiwa bado mdogo, ndiyo membamba kuliko yote, karibu na zile mikroni 25 tulizokuwa tunazitafuta. Kadiri anavyozeeka, manyoya yananenepa, yanapita hata 35. Ndiyo maana mtu akikuuzia moheri bila kukwambia umri wa mbuzi, muulize. Mimi huwa nasugua kishungi kwenye mdomo wa juu. Kikikuna, ni cha mzee.

Nisiwafiche jambo moja. Mwaka 2018 zilitoka picha za video kutoka mashamba ya Afrika Kusini, mbuzi wakinyolewa kwa ukatili, na makampuni makubwa ya nguo yakaacha kununua. Mwaka 2020 kikaja kiwango cha kukagua mashamba. Mimi hununua yenye cheti hicho, nalipa zaidi. Kilo moja inanitosha muda mrefu. Wigi la kichwa kama hiki linakula gramu 20 tu hivi, kwa hiyo sina kisingizio.

Nyuzi nyingine zipo. Alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia, wa aina ya suri, wengi wako Peru, nywele zake ni singa kamili, laini na nzito, zinateleza kama hariri. Kwa mdoli mwenye nywele ndefu zilizonyooka sijaona mfano wake, ila kuzishona ni mateso, zinakukimbia. Uingereza wana kondoo wa Wensleydale, wote ukoo wao unarudi kwa dume mmoja aliyezaliwa 1839 akiitwa Bluecap, na vishungi vyake vina mawimbi mazuri kwa mdoli mkubwa. Na kuna ngozi ya mwanakondoo wa karakuli, yenye vipete vidogo vyeusi ving'aavyo, ambayo midoli mingi ya kahawia ya zamani ilivalishwa. Inafaa kupita kiasi. Lakini ngozi hiyo huchunwa kwa mwanakondoo wa siku chache tu, kabla vipete havijafunguka. Mimi mpya siigusi. Wenzangu wengine wanaigusa, tumeshagombana, hatujamaliza.

Haya, kazi yenyewe.

Manyoya huja machafu: jasho, mafuta, mchanga, na vitu vingine ambavyo mbuzi hajali. Chukua beseni, maji ya moto wa nyuzi 60, sabuni ya maji. Weka vishungi ndani ya mfuko wa neti, zamisha, halafu keti juu ya mikono yako. Usisugue, usikoroge, usifungulie bomba juu yake. Unyoya una magamba madogo madogo kama ya samaki, ukiusugua kwenye maji ya moto yanashikana na hayaachiani tena. Magamba ya moheri yamelala, kwa hiyo yana huruma kidogo kuliko ya sufu ya kondoo, lakini usiijaribu huruma hiyo. Na usiyaache maji yakapoa, maana mafuta yaliyotoka yanarudi. Toa, weka kwenye beseni lingine la moto uleule. Mara tatu au nne. Suuza na siki kidogo, tandaza juu ya taulo.

Wakati wote huo, mizizi ikae upande mmoja na ncha upande mmoja. Hili wasusi mnalijua. Yule mteja aliyenunua nywele za binadamu za bei ya kutupa, wiki ya pili zikawa tandabui, mnakumbuka? Zilichanganywa kichwa na mkia. Magamba yanatazamana, yanang'atana. Kwa mbuzi ni hivyo hivyo. Mimi nafunga uzi mwekundu upande wa mizizi, kwa sababu uzee huu si wa kuamini macho.

Kutia rangi: rangi ya unga ya sufu, siki, maji yanayokaribia kuchemka bila kuchemka, nusu saa hadi saa. Nyeusi ndiyo ngumu. Rangi nyingine gramu moja inatosha gramu 100 za manyoya; nyeusi inataka nne, na ukibania unapata zambarau ya chupa ya wino. Hata ukiipata, nyeusi tupu inakufa kichwani. Tazameni vichwa vyenu kwenye mwanga wa dirisha: hakuna weusi wa aina moja. Kuna kahawia ya kahawa, kuna nyekundu ya kutu kwenye ncha, kwa wengine wetu kuna mvi tunazozikana. Mimi natia sufuria tatu, nyeusi, kahawia iliyoiva, na kahawia nyekundu kidogo, kisha nachambua na kuchanganya kwa vidole mpaka zipotezane.

Kipilipili sasa. Moheri ina mawimbi yake, lakini mawimbi si kipilipili. Nilianza na vijiti vya mshikaki, vina milimita 3, vikatoa mikunjo ya Kizungu ya Jumapili. Nikaenda kwenye sindano za kufumia, zile nyembamba za soksi, milimita moja na nusu. Kishungi kilicholowa, nyembamba kama mguu wa mbu, unazungusha kutoka mzizi hadi ncha, kila mzunguko ukigusa wa kabla yake bila kuupanda. Unafunga kwa uzi. Unaweka juu ya mvuke wa birika dakika kumi, unaacha ikauke mpaka kesho, si mpaka jioni. Maji yanalegeza unyoya, ukavu unaushikisha umbo jipya, na mvuke unafanya umbo lidumu zaidi. Ukivua na unyevu ndani, umepoteza siku. Nina sindano 60. Kwa kichwa hiki nilizijaza mara tano.

Kofia: unafunika kichwa cha mdoli kwa karatasi ya nailoni ya jikoni, unalaza kitambaa chembamba cha pamba juu yake, unapaka gundi ya maji nyepesi, unakaza kwa mpira, unaacha. Ikikauka una kofia iliyochukua umbo la kichwa hichohicho, na hakuna vichwa viwili vinavyolingana hata vikitoka kiwanda kimoja.

Nywele hazishonwi moja moja kama nilivyofanya ujinga ule wa mwanzo. Unatengeneza utepe, kama ule wa wiving. Mafundi wa zamani walitega nyuzi tatu kati ya vijiti viwili, wakapitisha vinywele vichache juu, chini, juu, wakarudi, wakakaza. Nami natumia njia hiyo kwa mdoli wa zamani, kwa midoli mipya napiga cherehani. Kwa kichwa cha sentimita 20 utepe wa mita moja na kidogo unatosha. Unaanzia shingoni, unapanda kwa mzunguko kama konokono, mpaka kileleni. Pale kileleni ndipo mtu anapojulikana. Wigi lolote linaweza kuwa zuri pembeni. Tazama kilele: ukiona kifundo, au gundi, au kipara cha shilingi, fundi alichoka. Mimi kilele nakifunga kwa sindano ya kushonea shanga, vinywele vitatu vitatu, na mtu akinipigia simu wakati huo sipokei.

Kugandisha wigi kichwani, tumia uji wa wanga wa ngano. Hizi gundi kali za dukani zinazoshika kufumba na kufumbua, mkizileta karakana kwetu jirani yangu atawatoa nje. Atakayekuja baada ya miaka 50 lazima aweze kulitoa kwa maji. Na wigi la zamani, hata likiwa vumbi na mayai ya nondo, halitupwi: linakaa wiki mbili ndani ya friza ili wadudu wafe, linaingizwa kwenye bahasha, bahasha inakwenda na mdoli. Hata lile la nailoni lina bahasha yake. Sikupenda, lakini limo.

Wigi lake huyu ni hili hapa mfukoni mwangu. Nimelileta likiwa kando makusudi ili muone tundu kwanza. Subirini… haya. Mtazameni sasa. Mama, wewe uliyecheka kuliko wote, njoo umtazame kwa karibu.

Mwenyewe alipomwona mara ya kwanza hakusema kitu cha maana, alisema tu, «Anafanana na mtu.» Nimelipwa kazi nyingi kwa maneno mazuri zaidi ya hayo na sikumbuki hata moja.

Nimalizie na huyu wa kulia, huyu wangu. Ni mpya, kichwa kilekile cha sentimita 20. Wazazi wa huku wenye mabinti weusi wananitafuta, wanataka mdoli aliyesukwa kama binti yao. Huyu nimemsuka twende kilioni, na hapa ndipo nilipogota. Moheri haivutiki kama nywele zetu, inateleza. Mstari unaanza vizuri kwenye paji, ukifika katikati unalegea. Nimejaribu kupaka nta ya nyuki kidogo sana kwenye vidole, inasaidia. Nimejaribu kuchanganya na sufu ya kondoo, inashika lakini inakuwa nene. Na kitambaa cha kofia kinaonekana kati ya mistari, kwa hiyo nimekitia rangi ya ngozi kwa chai ya rangi iliyokolea.

Kichwa cha mtu naweka mistari 12 huku naongea. Hapa nimefika 7. Wa nane nimeufumua mara tisa. Maji ya birika yako tayari, sindano nimezipanga, vishungi viko kwenye sinia. Shangazi, wewe mwenye vidole vyembamba, sogeza kiti, ushike huo wa nane.